Kasa Waliopooza kwa Baridi: Hutafutwa kwa Haraka, Hupashwa Joto Taratibu

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, kuanzia mwezi Novemba hadi mwishoni mwa Desemba, watu wa kujitolea katika Jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani, huacha vitanda vyao usiku wa manane na kwenda kutembea ufukweni wakiwa na tochi na makoti mazito. Hutoka kila baada ya maji kujaa, mchana na usiku, na hasa pale upepo unapovuma kwa nguvu kuelekea nchi kavu. Wanachokitafuta ni kasa wadogo, wengi wao wenye ukubwa wa sinia, ambao wametupwa na mawimbi juu ya mchanga na hawawezi tena kusogeza hata pezi moja.

Kasa hao hawakunaswa na nyavu wala kujeruhiwa na pangaboi za boti. Wamepatwa na hali ambayo inaweza kuitwa kupooza kwa baridi. Kasa ni reptilia, na joto la mwili wake hufuata joto la maji anamoishi. Maji yanapopoa, naye hupoa. Yakifika takriban nyuzi joto 10 za Selsiasi, hupoteza uwezo wa kuogelea na kupiga mbizi, huibuka juu na kuelea kama gogo, akisukumwa popote upepo unakompeleka. Damu huzunguka polepole, pumzi huwa za nadra na mapigo ya moyo yanaweza kushuka hadi pigo moja au machache tu kwa dakika. Maji yakishuka zaidi, kufikia nyuzi 6 au 5 hivi, wengi hufa.

Katika jamii zote za kasa, aliyejaliwa kinga ya kweli dhidi ya hali hiyo ni noa, yule mkubwa kuliko wote mwenye mgongo wa ngozi badala ya gamba gumu. Mwili wake mnene huweza kuhifadhi joto, ndiyo maana huonekana hata katika bahari za kaskazini ambako wenzake hawathubutu kukaa muda mrefu.

Msomaji wa ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kuuliza iwapo jambo hilo laweza kutokea huku. Jibu ni hapana. Hata wakati wa kusi, maji ya pwani yetu hubaki mbali sana juu ya kiwango kinachompooza kasa. Hata hivyo, kasa wa kijani na duvi, ambao wavuvi wa Mafia, Pemba na Lamu wanawafahamu vizuri, ni wa jamii zile zile zinazookotwa zikiwa zimepooza katika fukwe za Marekani. Tofauti ipo katika bahari, si katika mnyama.

Mahali panapojulikana zaidi kwa mkasa huu ni Ghuba ya Cape Cod. Rasi ya Cape Cod imejipinda mithili ya ndoana, ikitoka bara kwenda mashariki, kisha kaskazini, na ncha yake ikarudi kuelekea magharibi. Ndani ya mpindo huo ndimo ilimo ghuba hiyo, ambayo mdomo wake unatazama kaskazini. Wakati wa kiangazi maji yake huwa ya vuguvugu na yenye kaa wengi, nao kasa wachanga huingia kufuata chakula. Vuli ikifika, silika huwaambia waelekee kusini kwenye joto. Kusini mwa ghuba ni nchi kavu, mashariki ni nchi kavu, magharibi vilevile. Ili kuokoka, kasa angepaswa kwanza kuogelea kwenda kaskazini, kwenye baridi zaidi, auzunguke mkono mzima wa rasi, ndipo ageukie kusini. Wengi hawaifanyi safari hiyo. Huzunguka humo humo wakitafuta njia isiyokuwepo mpaka maji yanapoa.

Wengi wa wanaonaswa katika mtego huo wa asili ni kasa wa Kemp, na hapo ndipo uzito wa suala lenyewe ulipo. Huyu ndiye kasa mdogo kuliko wote wa baharini. Alipewa jina la Richard Kemp, mkazi wa Key West katika Jimbo la Florida, aliyepeleka kielelezo chake kwa wanasayansi katika karne ya 19. Haishi katika bahari zote kama walivyo kasa wengine; makao yake ni Ghuba ya Meksiko na upande wa magharibi wa Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini tu. Sehemu kubwa ya majike hutaga katika ufukwe mmoja, Rancho Nuevo, katika Jimbo la Tamaulipas nchini Meksiko, tena mchana kweupe na kwa makundi.

Filamu iliyopigwa katika ufukwe huo mwaka 1947 ilionesha majike wengi kiasi kwamba watafiti waliokuja kuitazama baadaye walikadiria makumi ya maelfu kwa siku moja. Miaka 38 tu baadaye, mwaka 1985, viota vilivyohesabiwa hapo kwa msimu mzima vilikuwa 702, na kwa kuwa jike mmoja hutaga zaidi ya mara moja kwa msimu, majike wenyewe walikuwa mamia machache. Mayai yalikuwa yamechimbuliwa na kuuzwa kwa miaka mingi, na kasa wakubwa walikuwa wakizama katika nyavu za kukokota kamba. Meksiko ilianza kuulinda ufukwe huo mwaka 1966, na baadaye Marekani iliungana nayo kwa kuhamishia baadhi ya mayai katika Kisiwa cha Padre, Jimbo la Texas, ili kuanzisha makao ya pili. Idadi imepanda tangu wakati huo, lakini kasa wa Kemp bado yumo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kwa hiyo, kasa mia kadhaa wa miaka miwili hadi minne wanaopooza katika ghuba moja si hesabu ndogo. Kasa wa umri huo ameshavuka hatari nyingi zilizowamaliza ndugu zake: ndege waliomvizia akitoka kwenye kiota, samaki waliomngoja kwenye maji madogo, na safari ndefu ya kubebwa na mkondo wa maji ya moto kutoka Ghuba ya Meksiko hadi kaskazini. Kati ya vifaranga wengi sana waliotoka mchangani, yeye ni mmoja wa wachache waliosalia.

Idadi ya wanaookotwa imekuwa ikiongezeka. Mwaka 2012 walipatikana wapatao 400 katika fukwe za Cape Cod, na ikaonekana kuwa ni rekodi ambayo ingedumu. Mwaka 2014 walizidi 1,200. Sehemu ya ongezeko hilo ni habari njema, kwani viota vikiongezeka kusini, kasa wachanga nao huongezeka kaskazini. Lakini ipo sababu nyingine, ambayo kwa kuisikia mara ya kwanza inaonekana kama kinyume: bahari inapata joto. Ghuba ya Maine, ambayo Ghuba ya Cape Cod ni sehemu yake ya kusini, imekuwa ikipata joto kwa kasi kuliko sehemu kubwa ya bahari za dunia. Joto hilo huwavuta kasa kwenda kaskazini zaidi na huwachelewesha humo hadi mwishoni mwa vuli. Wanapohisi baridi ya kwanza, mlango wa kutokea umeshageuka kuwa ukuta wa maji ya barafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa mwelekeo ukibaki ulivyo, kasa wa Kemp wanaopooza katika ghuba hiyo wanaweza kuzidi 2,000 kwa mwaka ifikapo 2031.

Uokoaji wenyewe huanza kwa mwananchi wa kawaida, na maelekezo anayopewa yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu karibu kila moja linapingana na huruma ya papo kwa papo. Anayemkuta kasa ufukweni anaambiwa asimrudishe majini. Moyo humtuma mtu kufanya hivyo, kwa kuwa kasa ni wa bahari. Lakini maji ndiyo yaliyompooza, na kumrudisha ni kumrejesha kwenye chanzo cha ugonjwa. Anaambiwa pia asimpeleke nyumbani wala asimweke garini na kuwasha kipasha joto. Badala yake, amsogeze juu ya alama ya maji kujaa, amfunike kwa mwani mkavu ili upepo usizidi kumpoza, asimike kipande cha gogo au takataka yoyote ya ufukweni iwe alama, kisha apige simu kwa kituo husika na kuondoka. Huo mwani mkavu unafanya kazi ya blanketi, na hupatikana bure kila mahali ufukweni.

Asidhani pia kwamba kasa asiyetikisika amekufa. Watu wa kituo cha Wellfleet Bay cha shirika la Mass Audubon, ambao wamekuwa wakiratibu kazi hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huwakusanya wote, wanaotikisika na wasiotikisika. Moyo unaopiga mara moja kwa dakika hausikiki kwa kuweka kiganja kifuani. Ni kanuni kwao kwamba kasa hatangazwi kufa mpaka apate joto kwanza na bado asioneshe dalili ya uhai. Kutoka ufukweni husafirishwa katika maboksi ya katoni yaliyokuwa yakibeba ndizi, yakitandikwa taulo. Maboksi hayo yana matundu ya kupitisha hewa na mishikio pembeni, na yanamtosha kasa wa Kemp utadhani yalitengenezwa kwa ajili yake. Gari linalowabeba haliwashwi kipasha joto, na dereva huvumilia.

Hospitali ya kasa ya New England Aquarium ipo katika mji wa Quincy, kusini mwa Boston. Hapo ndipo penye sehemu ya kazi isiyoonekana na watu wengi. Kasa akifika hupimwa uzito, joto la mwili, mapigo ya moyo na damu. Hupigwa picha za eksirei, kwani wengi huwa tayari na nimonia. Wengine wamevunjika mifupa kwa kupigwa na mawimbi kwenye mawe, wengine wana vidonda vya barafu kwenye mapezi na ukingo wa gamba, na karibu wote wamepungukiwa maji mwilini. Hilo la mwisho huwashangaza watu: mnyama anayeishi majini kukaushwa na kiu. Lakini kasa aliyepooza hali wala hanywi kwa siku nyingi, na anayeelea juu ya bahari hukaushwa na jua na upepo kama kitu kingine chochote.

Hawekwi kwenye maji ya moto. Siku ya kwanza huwekwa katika chumba chenye nyuzi joto kama 13 tu, na kila siku huongezewa takriban nyuzi 3, mpaka baada ya siku nne au tano anapofika kwenye nyuzi 24 au karibu na hapo. Sababu ya utaratibu huo wa polepole ipo ndani ya damu. Katika siku za baridi mzunguko wa damu hudorora, hewa ya oksijeni haifiki vizuri kwenye misuli, na asidi hujikusanya mwilini pamoja na madini ya potasiamu kupita kiasi. Akipashwa joto kwa ghafla, viungo vyote huamka kwa pamoja na kudai oksijeni ambayo moyo na mapafu dhaifu haviwezi kuitoa, huku ile damu chafu ikirudi kwa kishindo kwenye moyo. Moyo hupoteza mapigo yake na kusimama. Kasa aliyestahimili wiki kadhaa za baridi anaweza kuuawa na saa chache za joto.

Wakati joto likipandishwa, hupewa maji yenye chumvi na sukari kwa sindano, na dawa za kuua bakteria na ukungu. Huruhusiwa kuogelea kwa dakika chache chini ya uangalizi, na muuguzi hutazama kama ananyanyua kichwa kuvuta pumzi. Mgonjwa huyu, ijapokuwa ni wa bahari, anaweza kuzama. Hatua inayosubiriwa kwa hamu ni siku anapokubali kula. Samaki na ngisi waliokatwa vipande hutumbukizwa mbele yake, naye huweza kuvipuuza kwa siku nyingi kabla ya kuuma kipande cha kwanza. Nimonia ndiyo huwachelewesha. Wapo wanaopona kwa wiki chache na wapo wanaokaa miezi.

Kwa kuwa hospitali moja haiwezi kubeba wagonjwa mia kadhaa kwa pamoja, walio na nafuu hupelekwa katika vituo vya majimbo ya kusini. Novemba 2014 ndege ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ilibeba zaidi ya kasa 190 kwa safari moja kwenda Florida. Siku hizi sehemu kubwa ya safari hizo hufanywa na marubani wa kujitolea kupitia shirika la Turtles Fly Too, wanaotoa ndege zao ndogo na mafuta. Haya yote hufanyika chini ya vibali. Kasa wote wa baharini nchini humo wanalindwa na Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka ya mwaka 1973. Mamlaka ya Bahari na Anga, NOAA, inasimamia kasa walioko majini, na idara ya serikali inayoshughulikia samaki na wanyamapori inasimamia walioko nchi kavu. Mwananchi hana ruhusa ya kumtibu wala kumfuga kasa, hata kwa nia njema.

Si kila mkasa wa baridi unafanana na wa Cape Cod. Katika majimbo ya kusini, baridi huja kwa ghafla, hudumu siku chache na kuondoka. Januari 2010 kasa zaidi ya 4,500 walipooza Florida. Februari 2021 ilizidi: dhoruba ya barafu iliifunika Texas, maji ya kina kifupi ya rasi-bahari ya Laguna Madre yakapoa kwa siku chache, na zaidi ya kasa 12,000, wengi wao wakiwa kasa wa kijani, wakaibuka juu wakiwa hoi. Wananchi waliwabeba kwa boti, kwa magari ya mizigo na kwenye viti vya nyuma vya magari madogo, katika siku zile zile ambazo wao wenyewe walikuwa gizani kwa kukatika kwa umeme. Ukumbi wa mikutano wa South Padre Island ulitandikwa kasa kutoka ukuta hadi ukuta. Pamoja na ukubwa wa idadi hiyo, waliokutwa hai kwa kiasi fulani walikuwa na matumaini zaidi kuliko wenzao wa kaskazini. Walikuwa na afya hadi juzi yake. Hawakuwa na wiki za njaa wala nimonia iliyokomaa, na wengi walirudishwa baharini kwa maelfu ndani ya siku chache maji yalipopata joto.

Katika pwani yetu, kituo cha Watamu nchini Kenya hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa wagonjwa wa aina nyingine: waliomeza plastiki, waliojeruhiwa na nyavu au ndoana, na wale wanaoelea kwa sababu ya gesi tumboni wasiweze kuzama kutafuta chakula. Kwa upande wa Tanzania Bara, Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kumvua kasa, na anayemkuta amenasa au amejeruhiwa anapaswa kutoa taarifa kwa afisa uvuvi au kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari kilicho karibu. Kanuni ya kutompeleka nyumbani inafaa huku kama inavyofaa kule.

Wapo wanaouliza, na swali lao ni halali, kama jitihada hizi zote zinaisaidia jamii ya kasa au zinamsaidia kasa mmoja mmoja tu. Mayai na nyavu ndivyo vilivyoiangusha idadi ya kasa wa Kemp, na ulinzi wa Rancho Nuevo pamoja na vifaa vya kuwatolea kasa kwenye nyavu za kamba ndivyo vilivyoiinua. Hospitali pekee isingeweza kufanya hivyo. Lakini vifaa vya kufuatilia kwa setilaiti vimeonesha kuwa kasa waliotibiwa huogelea na kuhama kama wengine, na baadhi ya majike waliowahi kupooza wakiwa wadogo wameonekana baadaye wakitaga.

Majibu kamili hayapatikani upesi. Waliopona majira ya baridi huachiwa katika maji ya Florida na Georgia; waliokawia hospitalini husubiri kiangazi na kuachiwa kusini mwa rasi, upande wa Nantucket Sound, ambako hakuna mpindo wa kuwanasa. Kabla ya kuondoka, kila mmoja huwekewa chini ya ngozi chipu ndogo kama punje ya mchele yenye namba yake. Jike wa kasa wa Kemp huanza kutaga akiwa na miaka 10 hadi 15 hivi. Kasa waliookotwa mwaka 2014 sasa wamefikia umri huo, na kila jike anayepanda ufukweni Texas akaonwa na walinzi hupitishiwa mashine ya kusomea chipu kabla mchanga haujafunika mayai yake.